Shoti Shavuni: Maswali Yenu Kuhusu Maumivu ya Taya

Tangu nilipogusia hapa vile vimashine vidogo vya betri vinavyopitisha umeme kwenye ngozi kutuliza maumivu, umeme mnaouita shoti, maswali yamemiminika kutoka Unguja na Pemba, na mengi ni ya taya. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Assalam aleikum daktari. Mimi fundi cherehani, Kikwajuni. Nikiamka shavu la kulia linauma mpaka kwenye panja na mdomo haufunguki sawasawa. Daktari wa meno kanambia meno yangu mazima. Kwenye mazoezi ya viungo wakanibandika vipande viwili vya gundi vya mashine hiyo, wakawasha shoti, nikapoa. Ilipofika Laasiri maumivu yale yale. Ndiyo dawa hiyo?

Waaleikum salaam, fundi. Hiyo ni nafuu, dawa bado. Weka vidole shavuni, mbele ya sikio na chini ya mfupa wa shavu, kisha uma meno. Kinachotutumka hapo ni msuli wa kutafunia. Mwenzake uko kwenye panja, ndiyo maana maumivu yanapanda huko. Ukisaga meno usiku, na mchana ukashinda umeinama kwenye cherehani umeuma meno (na pini mdomoni, nawajua nyinyi), misuli hiyo haipati mapumziko hata kidogo.

Shoti haitengenezi chochote humo. Inaamsha neva za mguso, na taarifa za mguso zikifika nyingi kwenye shina la ubongo, zile za maumivu hukosa nafasi ya kupita. Nadharia hiyo ya lango waliieleza Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, na ndiyo inayokufanya usugue goti ukijigonga kwenye kitanda. Mashine ikipiga mara 80 hadi 100 kwa sekunde, nafuu huja upesi na huondoka upesi. Ikipiga mara 2 hadi 4, msuli unarukaruka, nafuu inachelewa lakini hukaa kidogo, kwa kuwa mwili nao unatoa vituliza maumivu vyake wenyewe.

Sasa niseme lisilowafurahisha wauzaji. Desemba 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo wa kimataifa kuhusu maumivu sugu ya taya, yaani yaliyopita miezi mitatu. Yaliyotiliwa mkazo ni mazoezi ya taya, kunyooshwa na kuchuliwa na mtu aliyesomea, na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea. Shoti iliwekwa upande wa yale ambayo kwa kawaida hayapendekezwi. Hawakusema ni sumu, ila ushahidi wa faida yake ni mdogo. Mimi siitupi kabisa, kwa sababu mtu ambaye hawezi kufungua mdomo kwa maumivu hafanyi mazoezi hata umwambie vipi. Basi ule muda uliopoa usiupoteze. Gusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele ya juu, fungua mdomo polepole ulimi ukiwa hapo hapo, funga. Mara sita, na urudie mara kadhaa kwa siku. Kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, robo saa jioni. Na pini zitafutie mto wake, fundi.

Mwanangu kanitumia mashine kutoka Dubai. Karatasi yake ina picha za mgongo na goti tu. Usoni nibandike wapi? Mama, Wete.

Mama, kwanza nijibu wewe: una mashine ya kuendesha moyo kifuani? Una kifafa? Una mimba? Umewahi kuwa na saratani ya kichwa au shingo? Likiwepo hata moja, iache kwenye boksi lake mpaka uonane na daktari. Kama shavu lina kidonda au ganzi, usibandike pia, maana pasipo na hisia utajiunguza bila kujua.

Kama hakuna, osha uso kwa sabuni na ujifute ukauke vizuri. Liwa yote itoke, na mafuta ya nazi pia, la sivyo vipande vitabanduka na umeme utachoma sehemu moja. Tumia vile vidogo, viwili kwa shavu moja: kimoja mbele ya sikio, cha pili chini yake juu ya ule msuli unaotutumka ukiuma meno. Visigusane. Usiweke kimoja shavu hili na kingine shavu lile ili umeme ukatize kichwani, hapana. Karibu na macho, hapana. Mbele na pembeni mwa koo ndiyo kabisa usiguse, kuna mishipa pale inayoweza kuyumbisha pressure na mapigo ya moyo.

Hakikisha kidude cha nguvu kiko sifuri kabla hujawasha. Panda taratibu mpaka usikie mtekenyo wenye nguvu usiouma, ukome hapo. Wengi hudhani ikiuma ndiyo inafanya kazi, wakatoka na wekundu shavuni. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Usilale nayo, usiendeshe gari nayo, na usiitumie ikiwa imechomekwa kwenye chaji. Zima ndipo ubandue.

(Wanaume mlioniuliza habari ya ndevu: hakuna haja ya kunyoa. Kipande hakishiki juu ya nywele, kwa hiyo tafuta mahali pasipo na ndevu mbele ya sikio, au bandika kwenye panja pasipo na nywele, mbali na jicho.)

Mimi mtu mzima, Mkoani. Taya la kushoto hunibana nikipanda mlima kutoka bandarini. Nikikaa linaacha. Mashine itanifaa?

Mzee wangu, weka gazeti chini uende Hospitali ya Abdalla Mzee leo, usipande kwa miguu. Taya linalobana ukitembea na kuachia ukipumzika linaweza kuwa ni moyo. Likibana na lisiachie, ukatoka jasho jembamba au ukakosa pumzi, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Nasaga meno usingizini mpaka wenzangu wa chumba wananiamsha. Shoti itaniachisha? Na kuna mtu kanishauri nikapunguzwe meno yakae sawa. Mwanafunzi, Tunguu.

Haitakuachisha. Shoti inatuliza msuli uliokwisha kuuma, haina habari na unachofanya ukilala. Muone daktari wa meno akupimie kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Hiyo nayo haiondoi tabia, inalinda meno yasilike, na hilo si dogo. Mchana jizoeze midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umelala. Meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kula na kumeza. Muda uliobaki hayana shughuli. Bazoka acha. Kahawa ya usiku wa kudurusu punguza.

Kupunguzwa meno kwa ajili ya maumivu haya, kataa. Jino likishasagwa halirudi.

Ramadhani nikitumia mchana, funga inaharibika? Ustadh, Makunduchi.

Ustadh, hukumu utanifundisha wewe. Ninachojua mimi ni kwamba hakuna dawa wala kitu kinachoingia mwilini zaidi ya umeme unaopita kwenye ngozi. Ukiwa na wasiwasi, baada ya Tarawehe panafaa vizuri, na taya limeshachoka kwa futari.

Mimi mvuvi, Nungwi. Yupo taa ukimkanyaga anakupiga shoti mguu unakufa ganzi. Ni umeme huo huo?

Ni umeme kweli, na si wewe wa kwanza kuwaza hivyo. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kuhusu kumweka samaki wa jamii hiyo, akiwa hai, kwenye kichwa kinachouma. Wakubwa wao hufikia volti 200, na hana kidude cha kupunguza. Muachie bahari.

Vipande vyangu havinati tena. Nivishikishe kwa plasta? Msomaji, Chake Chake.

Hapana. Dondoshea tone la maji safi kwenye upande wa gundi, usubiri kidogo, ujaribu. Visiponata, nunua vipya, na visishirikiwe na mtu mwingine. Ukimaliza virudishe kwenye karatasi yake ya nailoni, mbali na vumbi na jua la dirishani.