Mbawakawa hii au mbawakawa huyu?

SWALI: Ninaandaa maelezo ya picha za mbawakawa wa mchangani, wale wadogo wa familia ya Cicindelidae wanaowinda wadudu wengine. Niliandika "mbawakawa hii inakimbia" na "mabuu yake yanavizia". Mwenzangu amesahihisha yote mawili kuwa "mbawakawa huyu anakimbia" na "mabuu wake wanavizia". Ni ipi sahihi?

JIBU: Mwenzako amesahihisha vyema. Kwa kuwa neno mbawakawa halibadiliki katika umoja na wingi, wengi hulipatanisha kama nyumba au kalamu. Lakini katika Kiswahili sanifu majina ya viumbe wenye uhai isipokuwa mimea, yawe na umbo lolote, hufuata upatanisho wa A-WA. Viungo vya kiumbe havirithi upatanisho huo, na ndiyo maana tunaandika "mbawakawa huyu ana miguu mirefu, na mataya yake ni makali".

Kuhusu mabuu, "yanavizia" husikika sana, na katika mazungumzo sioni haja ya kumkatiza mtu. Kwenye maandishi ya kitaalamu andika "wanavizia", ila ujihadhari na sentensi kama hii: "Buu wa mbawakawa anayekimbia sana huchimba tundu mchangani." Ni nani anayekimbia? Kisarufi anaweza kuwa buu au mbawakawa, kwa sababu wote wawili ni wa A-WA, ilhali buu huyu hakimbizani na yeyote: hukaa ndani ya tundu lililosimama wima, huziba mlango kwa kichwa chake, hujishikiza ukutani kwa kulabu zilizo mgongoni, na hungoja sisimizi au mdudu mwingine apite karibu ndipo amnase. Mwenye mbio ni mzazi wake, ambaye hukimbia kwa kasi kiasi kwamba macho hushindwa kuona mawindo sawasawa, ikambidi asimame kidogo, atazame, kisha aendelee. Ningeigawa sentensi hiyo: "Mbawakawa huyu hukimbia sana. Buu wake huchimba tundu mchangani na kuvizia humo."

Ukipenda kusisitiza udogo, "kijidudu kile kinakimbia" inakubalika, maana hapo ki- imepachikwa kwa makusudi. Kiwavi, kipepeo na kiroboto ni habari nyingine: ki- yao ni sehemu ya jina tu, kwa hiyo kiwavi anakula, kipepeo anaruka na kiroboto anauma.