Jibu: Kumtafuta ndugu aliyekamatwa katika kaunti ya mashambani Texas

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: mdogo wako alikamatwa Ijumaa katika kaunti ndogo ya mashambani huko Texas, na ukilitafuta jina lake kwenye tovuti ya magereza ya jimbo hupati kitu.

Hutampata huko, kwa sababu orodha hiyo ni ya waliokwisha kuhukumiwa. Aliyekamatwa juzi hukaa katika jela ya kaunti, iliyo chini ya sherifu. Ipigie simu ofisi ya sherifu kwa namba ya kawaida, si 911 ya dharura, ukiwa na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na uulize kwanza mahabusu wao wanawekwa wapi, kwani baadhi ya kaunti hazina jela na huwapeleka watu wao kaunti jirani.

Nilipomtafuta binamu yangu nilijibiwa mara mbili kwamba hayupo. Mara ya tatu nilimwomba askari atafute kwa tarehe ya kuzaliwa tu, akamwona papo hapo: jina la baba lilikuwa limeshikwa kama la ukoo, na la babu limeachwa kabisa. Majina yetu matatu huwasumbua sana.

Kumbukumbu za kesi ziko kwa makarani: makosa makubwa kwa karani wa mahakama ya wilaya, madogo kwa karani wa kaunti, ingawa kaunti ndogo sana huwa na karani mmoja kwa yote. Ikiwa mdogo wako si raia wa Marekani na jela inasema ameshaondoka, mtafute kwenye mfumo wa mtandaoni wa ICE, idara ya Marekani inayowashikilia watu kwa masuala ya uhamiaji, kwa namba yake ya A (namba ya uhamiaji anayopewa mgeni), yenye tarakimu 9, pamoja na nchi aliyozaliwa.