Nyumba ya zamani ya kambi usiipige simenti

Nimekulia kambini hapa Lubumbashi, mtoto wa askari, na leo kazi yangu ni ya ujenzi. Kila mwaka mvua zikiisha, simu zinaanza: "Papa fundi, ukuta unamwaga unga mwekundu, tuupige simenti?" Jibu langu ni hapana, tena nalisema kwa nguvu, maana nyumba nzuri sana zimeharibika kwa huduma hiyo hiyo.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na matofali mengi ya zamani yalifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, yakachomwa kwa kuni. Udongo huo unashikana vizuri, lakini tofali lake ni laini na linanywa maji. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi hutafuta njia ya kutokea, na ukuta ulioachwa wazi, au uliopakwa chokaa, unaupa njia hiyo. Simenti inaifunga. Nimewahi kubandua lipu ya simenti kwenye nyumba ya kambi: ilitoka vipande vipana, na kwa nyuma uso wa tofali ulikuwa umeng'oka nayo, umejaa chumvi nyeupe. Ukutani kilibaki kitu ambacho nilikikwangua kwa ukucha.

Kwa hiyo tumia chokaa. Ya Kakontwe, kule Likasi, inapatikana. Iloweke mapema, changanya ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga uliochekechwa. Kwangua kiungo cha zamani, yaani udongo ulio kati ya tofali na tofali, kwa msumari au patasi ndogo, bila kugusa kingo za tofali, nyunyiza maji, kisha jaza. Jua la kiangazi hukausha haraka mno, na chokaa ikikauka haraka inapasuka. Funika kwa magunia yenye maji siku kadhaa. Lakini kabla ya yote hayo tengeneza mifereji, ondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta. Bila hivyo unapoteza pesa.

Halafu kuna umbo la nyumba. Askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni wa Kibelgiji, waliishi kambini na wake na watoto wao, ndiyo maana unakuta safu za nyumba ndogo, kila moja na mlango wake, siyo bweni moja refu tu. Baraza mbele, paa lililotokeza nje, matundu ya hewa juu ya ukuta: hayo yote yaliwekwa kwa ajili ya joto na mvua za hapa. Familia ikiongezeka, watu huziba baraza wapate chumba. Siwalaumu, watoto lazima walale. Ila zibeni kwa mbao, kitu kitakachoweza kuondolewa, na matundu yale yaacheni wazi, la sivyo dari itaoza.

Ukikuta alama ya risasi ukutani, usiikimbilie kuijaza. Kambi za hapa zimebeba historia nzito. Camp Massart iliasi Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru, na tarehe 11 mwezi huo huo jimbo letu la Katanga likatangazwa kujitenga na Kongo. Desemba 1961 wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walipigana hadi wakaiteka. Waulize kwanza wazee, na hasa wamama waliozeeka kambini. Wao ndio wanaokumbuka jiko lilikuwa wapi na nani aliishi mlango upi.

Kuhusu picha: usitoe simu kabla ya ruhusa, hata kama ni nyumba uliyozaliwa. Andika barua kwa komanda, nenda na mtu anayejulikana pale, na piga picha za nyumba unayoikarabati peke yake, kamwe si geti, walinzi wala ghala. Barua itaje nyumba ipi, siku ipi, na picha zitatunzwa na nani. Nakala moja waachie wenyeji wa nyumba.