Akaunti tuweke lini kwenye app?

Swali: Habari kaka, mi na mwenzangu tunatengeneza app ya Android ya daftari la madeni kwa wenye maduka, inafanya kazi hata bila bando. Yeye anataka tuanze na kujisajili kwa namba ya simu na OTP (ile kodi ya mara moja inayokuja kwa SMS) ndo mengine yafuate, mi naona tunajichelewesha. Akaunti iingie lini?

Jibu: Poa mdogo wangu. Niko upande wako, ila sio wote, mwenzako ana hoja yake.

Jiulize leo akaunti inamsaidia nini mwenye duka. Kama madeni yanakaa kwenye simu yake na anayasoma mwenyewe, haimsaidii kitu. Itakuwa na kazi siku data itakapotakiwa kutoka kwenye hiyo simu, yaani simu imeibiwa anataka madeni yake kwenye mpya, au kijana wa dukani naye aandike kwa simu yake. Hapo weka.

Mi niliwahi kuweka kujisajili skrini ya kwanza, nikaenda Kariakoo kwa mama mmoja muuza vitenge. Kaingiza namba, OTP haiji, natuma tena, kimya, kumbe laini ya hiyo namba iko kwenye kitochi na kitochi kamwachia mwanae nyumbani, smartfoni ina laini ya bando tu ambayo namba yake wala haijui. Wateja wanasubiri, akaweka simu chini akavuta kaunta buku yake. Na hizo SMS nazilipia mimi!

Sasa mwenzako ana hoja hapa: akaunti isubiri, ila databesi, yaani pale app inapotunza madeni, ijiandae kwa akaunti tangu siku ya kwanza. Usiyape madeni namba 1, 2, 3, tumia UUID, yaani namba ndefu ya kubahatisha isiyogongana na nyingine, inayotengenezwa hapohapo kwenye simu. Mi nilitumia namba, siku ya kuunganisha simu ya bosi na ya kijana wake deni namba 14 kwa bosi ni sukari, namba 14 kwa kijana ni unga wa mtu mwingine kabisa, seva ikafuta moja ikaweka lingine, nikakesha siku mbili narekebisha kwa mkono. Halafu deni likifutwa usiling'oe, liwekee alama tu kwamba limefutwa na saa ngapi, la sivyo simu ya pili ikijisinki (ikilinganisha data yake na seva) deni lililolipwa linafufuka na hapo ugomvi dukani.

Kwa sasa weka kitufe cha kutoa faili ajitumie WhatsApp. Android nayo ina bakapu yake, MB 25 kwa kila app, kwa madeni ya duka inatosha sana, ila awe ameiwasha.

Kingine watu wanasahau, ukiwa na akaunti Google Play wanataka mtu aweze kuifuta ndani ya app na kwa linki ya wavuti pia. Na majina ya wakopaji yakishafika kwenye seva yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, ikiwemo kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wakati ukifika usiiweke mlangoni. Iweke nyuma ya "Ongeza msaidizi" au "Hifadhi mtandaoni", pale anajua anapata nini. Na mkitesti kujisajili, testi kwa simu yenye madeni mia mbili tayari, sio app tupu uliyoinstoo asubuhi.