Mume kamfichia pasipoti, na sisi tuko Moshi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi niko Moshi huku Pasua. Mdogo wangu aliolewa na kijana wa kwetu kabisa, ameishi Marekani miaka mingi na uraia wa kule ameshachukua, miaka mitatu iliyopita akaja tukafanya sherehe, ndafu ikakatwa, baada ya mwaka na kitu viza ikatoka mdogo wangu akamfuata Minnesota. Sasa hivi wana mtoto wa miezi nane. Shangazi anapigwa. Hakuniambia, niliona mwenyewe, tulikuwa tunaongea kwa video kamera kaielekeza kwenye dari, nikamwambia basi nionyeshe mtoto, alivyoinama kumbeba mtandio ukateleza nikaiona shingo. Akalia tu. Kadi yake ya ukaazi ni ya miaka miwili na inakaribia kuisha, mume anamwambia nisiposaini wanakurudisha kwenu na mtoto anabaki hapa, na pasipoti kaificha. Baba mkubwa anasema ndoa ndo zilivyo avumilie, mahari tulishakula. Nifanyeje?
Dada Mtu, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la saini maana ndo kamba aliyofungiwa. Ni kweli ndoa ikiwa changa wanampa kadi ya miaka miwili, na kwa kawaida kabla haijaisha mke na mume wanajaza pamoja fomu inaitwa I-751 ili apewe ya kudumu. Ila fomu hiyohiyo ina sehemu ya mwenye ndoa anayepigwa au kunyanyaswa, anaijaza peke yake, saini ya mume haihitajiki, hata talaka asisubiri. Huyo kijana ama hajui ama anajua sana. Na wengine mnaosoma ambao dada zenu hawana kadi kabisa, mume akiwa raia au mwenye kadi ya kudumu kuna fomu I-360, njia hiyo ilikuja na sheria ya mwaka 1994, mke anajiombea mwenyewe na watu wa uhamiaji hawaruhusiwi kumwambia mume kwamba kaomba.

Ushahidi ndo kazi yako. Picha ya shingo, picha za meseji za vitisho, cheti cha ndoa, cha kuzaliwa mtoto, kadi yake mbele na nyuma, vyote akutumie ukae navyo wewe huko Moshi halafu afute kwake, maana mwanaume anayeficha pasipoti simu nayo anaikagua, nakwambia. Cheti cha ndoa nakala si mnayo nyumbani? Toa fotokopi leo. Pasipoti asiipigie kelele, ya Tanzania inaombwa nyingine ubalozini Washington.

Pa kukimbilia papo. Kule kuna nyumba za hifadhi, mama anapokelewa na mtoto wake, bure, na anwani haitajwi kwa mtu, hata wewe usiiulize maana utabanwa na shemeji utaisema. Hawamuulizi karatasi ndo wamfungulie mlango. Humo anakutana na watu wanaomtafutia wakili wa uhamiaji na kumsindikiza mahakamani kuomba amri ya kumzuia mume asimsogelee. Apige 1-800-799-7233, namba ya kule ya kusaidia wanaopigwa majumbani, usiku na mchana, Kiingereza kikimgomea aseme tu "Swahili" wamtafutie mkalimani. Asipigie simu yake, atumie ya jirani au ya kliniki siku ya kumpeleka mtoto.

Mtoto sasa. Baba hawezi kutamka tu kwamba anabaki nae, hilo linaamuliwa na mahakama. Lakini na nyie msimshauri abebe mtoto arudi kimyakimya Kilimanjaro, najua mama yenu ndo anachotaka, hiyo inaweza kumgeukia yeye akaonekana ndo kaiba mtoto. Kwanza pasipoti ya Marekani ya mtoto wa chini ya miaka 16 inataka ridhaa ya wazazi wote wawili. Wakili kwanza.

Baba mkubwa nae! Mwambie hata hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume kumpiga mke, wala haijaandikwa "isipokuwa mahari ikiliwa". Hakuna anayemdai ile ndafu. Anachodaiwa ni kunyamaza, maana kila akipokea simu ya mkwe na kumwambia "mvumilie huyo ni mtoto", yule anapata nguvu ya wiki nzima.

Wewe mpigie saa nne usiku, kwao ni mchana mume yuko kazini. Usimuulize "umeondoka?" kila siku, anayeondoka anaangalia siku yake, na kipindi cha kuondoka ndo mume anakuwa hatari zaidi kwahiyo asimtangazie. Wekeni neno lenu, akikuandikia "dada mtori unaanza na ndizi au nyama" ujue hali ni mbaya. 911, ile namba ya dharura ya Marekani, ukiipiga ukiwa Moshi haikufikishi Minnesota, hivyo muulize anakaa mji gani hasa utafute namba ya kawaida ya kituo cha polisi cha huko pamoja na anwani ya nyumba, uandike kwenye daftari, maana simu zetu hizi na chaji unazijua mwenyewe.