Mwanafunzi hupimaje ubora wa chuo?

Ndugu, umeuliza kwa nini chuo chenye ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) bado kinalalamikiwa na wanafunzi wake. Ithibati hukagua mitaala, sifa za wahadhiri na miundombinu. Mwanafunzi hupima anachokutana nacho kila wiki. Mhadhiri anaingia darasani? Kazi aliyokusanya inarudi na maoni, au anaona alama tu mwisho wa muhula? Hapo ndipo imani hujengwa au kuvunjika, kuliko hata kwenye majengo. Maktaba kubwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) iliyofunguliwa 2018 ni msaada mkubwa, lakini haizibi pengo la mhadhiri asiyepatikana. Halafu bumu, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, likichelewa, mwenye njaa ataona kila kitu kibovu, na simlaumu. Ajira nayo ina uzito, hasa kwa wa mwaka wa mwisho.