Maswali na majibu kwa wapiga picha: uso wa bi harusi, kadi iliyofutika, picha za ajalini

Haya jamani, maswali yamekuwa mengi na mengine yanafanana, kwa hiyo nimekusanya yale yanayoulizwa sana niyajibu kwa pamoja. Kwa wageni, mimi napiga picha Dar tangu enzi za mkanda, harusi ndo zimesomesha watoto wangu na magazetini nimefanya kazi pia, kwa hiyo nitakachosema hapa ni kile ninachokifanya mwenyewe kazini.

Kijana wa Mwanza: Shikamoo mzee. Hela yangu ni ndogo, ninunue kamera mpya ya kuanzia na lenzi yake au nichukue mtumba?

Marahaba mwanangu. Chukua bodi ya mtumba, yaani kamera bila lenzi, hela inayobaki weka kwenye lenzi. Ile lenzi ya 18-55mm inayokuja ndani ya boksi mchana haina shida, ila ukiingia ukumbini usiku itakutesa, maana ukizuum mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo ndo mwanga unaingia mwingi) wakati kalenzi kadogo ka 50mm f/1.8 kanaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Lakini kamera nyingi za kuanzia zina sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, kwa hiyo hiyo 50mm inakuwa kama 75 kwenye Nikon na kama 80 kwenye Canon, ukiwa sebuleni kwa watu unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado familia haijaenea. Kama kazi zako nyingi ni za ndani ndani tafuta 35mm.

Ukienda kukagua mtumba nenda mchana. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma, ukiona nyuzi nyuzi nyeupe zimetawanyika kwenye kioo hiyo ni fangasi, achana nayo hata kama bei inavutia. Alafu weka f/16 piga ukuta mweupe au anga uone kama sensa ina madoa, na uliza shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga, imeshapiga mara ngapi, bodi nyingi za kuanzia zinapimwa kudumu shoti kama 100,000 hivi, zinaweza kupita hapo ila ujue unanunua nini.

Dada wa Morogoro: Kaka naomba msaada, bi harusi akiwa mweusi na shela jeupe uso unakuwa giza, nikiongeza mwanga shela linaungua lote. Nafanyaje?

Dada hili ndo swali kubwa kuliko yote leo na nitalijibu kwa kirefu, maana uso wa mtu ndo kazi yenyewe, mambo mengine yote ni ya pembeni.

Kamera haijui kama mbele yake kuna bi harusi. Yenyewe inapima wastani wa mwanga na inataka kila kitu kitoke kijivu cha katikati. Shela jeupe likijaa kwenye fremu inaona hapa pameng'aa mno, inashusha mwanga, uso unazama. Bwana harusi naye akisimama na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi inafanya kinyume chake, inapandisha mwanga na uso unapauka. Kwa hiyo ukiiachia kamera iamue, kwenye harusi hiyo hiyo moja mke atatoka giza na mume atatoka amepauka, na ndo maana albamu nyingi utakuta wanandoa hawafanani na watu uliowaona siku ile.

Dawa yake ni upime usoni. Weka upimaji wa nukta (spot), kamera ipime sehemu ndogo tu, elekeza shavuni upande wenye mwanga, alafu kama ngozi ni nyeusi sana shusha kidogo, theluthi moja au mbili za stopu (kushusha stopu moja ni kupunguza mwanga nusu), maana kamera itataka kuifanya ya kijivu na hiyo sio rangi yake. Ukishapata namba zako funga kwenye manual, usiziguse mpaka mwanga ubadilike. Piga RAW, lile faili linalobeba taarifa zote za sensa, sio JPEG iliyobanwa peke yake, RAW itakuokolea zile lesi na shanga za shela ambazo JPEG ingezitupa moja kwa moja.

Lakini namba peke yake hazitoshi, panga mwanga. Mgeuze bi harusi uso uelekee dirishani au kwenye uwazi wa kibaraza, na kifua ukigeuze pembeni kidogo, hapo mwanga unapiga uso kwanza na shela linapata mabaki, tofauti inapungua bila hata kugusa kamera. Na mwanga uwe mpana, ngozi nyeusi inapendeza kwa namna inavyorudisha mwanga, dirisha kubwa au softiboksi, kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha taa, inakupa ule mng'ao laini unaopita shavuni mpaka shingoni, wakati fleshi tupu ya juu ya kamera inakuachia kidoti cha jasho kwenye paji la uso. Tembea na tishu mfukoni, mwombe matroni amkaushe uso kidogo kidogo, usimguse wewe.

Na asije mtu akakwambia ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Zamani maabara nyingi zilikuwa zinapanga rangi kwa kufuata kadi ya Kodak, kampuni ya mikanda ya picha, yenye picha ya mwanamke wa kizungu, hizo kadi walikuwa wanaziita Shirley, kwa hiyo mkanda na uchapaji wake ulitengenezwa ngozi nyeupe ikiwa ndo kipimo. Miaka ya 1970 Kodak wakaanza kurekebisha rangi za kahawia, na kilichowasukuma sana ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao ambao bidhaa zao zilikuwa hazitofautiani kwenye picha. Watu walikuwepo muda wote huo. Hili jambo linaniuma mpaka leo, na ndo maana nawasihi vijana mnaoediti kwa simu msimchubue mtu kwenye picha. Mteja amekuja mweusi mrudishie weusi wake, toa chunusi maana itapona wiki ijayo, ila kovu, ndonya, mwanya, chale za kabila lake viache mpaka mwenyewe akuombe.

Kijana wa Arusha: Ukumbini picha zinatoka na michirizi na nyuso za zambarau, ni kamera mbovu?

Sio kamera, ni taa. Umeme wetu ni wa 50Hz na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni, kwa hiyo weka kasi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde michirizi mingi itaondoka, ikigoma jaribu za karibu na hapo mpaka itulie. Zambarau inatoka kwenye mapambo. Tumefundishwa tupige fleshi juu ya dari irudi laini, sawa, lakini ukumbi wa siku hizi dari yote imefunikwa vitambaa, ukirushia fleshi kwenye kitambaa cha zambarau inarudi zambarau. Tafuta ukuta mweupe wa pembeni, hamna basi toa fleshi kwenye kamera uiweke kwenye stendi na mwavuli.

Mchana nje ni hivyo hivyo, turubai la bluu linawapaka wageni wote rangi ya bluu na huwezi kuitoa vizuri baadaye kwa sababu nyasi na watu wa nje wana rangi nyingine. Mimi huwa naomba mapema kwenye kamati ya harusi kwamba meza kuu iwekewe turubai jeupe, haiwagharimu sana, na mara nyingi wanakubali ukiwaeleza sababu.

Baba wa Tabora: Mwanangu amefomati kadi yenye picha za ubatizo wa mdogo wake. Zimepotea?

Pole sana mzee wangu. Huenda hazijapotea bado, mara nyingi kufomati kunafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo kadi itolewe sasa hivi, isipigwe hata picha moja ya majaribio, apelekewe fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili na mafaili yakitoka yasevuliwe kwenye kompyuta sio kwenye kadi hiyo hiyo. Kama kamera ni ya video iliyorekodi masaa mengi inakuwa ngumu kidogo ila jaribuni.

Kwa mnaofanya kazi za watu: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine. Mimi usiku wa harusi hata niwe nimechoka vipi silali kabla sijakopi. Na mteja msimtumie picha kwa WhatsApp kama picha, WhatsApp inazibana, zitume kama dokumenti au mpe kwenye flashi.

Binti wa Tanga: Nimeanza kupiga picha, wananiita kwenye shughuli za wanawake tu. Kuna cha kuzingatia?

Hongera sana mwanangu, na nakwambia hilo soko ni lako kabisa, Tanga, Mombasa, Unguja, familia nyingi zinatafuta mpiga picha wa kike na hazimpati. Siku ya singo (bi harusi anaposuguliwa mwili kabla ya harusi) au kesha mabibi na mashangazi wanavua mabuibui, wanacheza, nywele wazi, wanakuamini wewe. Sasa hiyo amana haiishii mlangoni. Ukimpa mwanaume akueditie umeshaivunja, ukiziweka kwenye laptop ya nyumbani anayoitumia kaka yako umeshaivunja, kwa hiyo jifunze kuediti mwenyewe, folda iwe na nywila, chapisha kwenye mashine yako au simama pale studio mpaka zitoke zote na zilizoharibika uondoke nazo. Usiposti hata mkono wenye hina bila ruhusa ya mwenye mkono. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini hata zisingekuwepo hawa ni mama zetu.

Bei usishuke kwa sababu wewe ni binti, wanachokinunua kwako mwanaume hawezi kuwapa.

Msomaji wa Iringa: Nikikuta ajali barabarani nipige picha kwanza au nisaidie kwanza?

Saidia. Kama wewe ndo wa kwanza kufika mikono yako inahitajika kuliko kamera yako. Wakishafika wa kusaidia kazi yako ya habari inaanza, na kazi hiyo ni muhimu, sitaki mtu aidharau. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, mwaka 1984 alipiga filamu ya njaa ya Korem kule Ethiopia, BBC wakaitangaza na dunia nzima ikaamka kuchangia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono, akawekewa wa bandia akarudi kazini. Ukiangalia alivyopiga Korem utaona alipiga sana watu wakiwa hai, wakisubiri, wakibebana, macho yao yapo pale, na hiyo ndo ilimgusa mtu aliyekaa sebuleni kwake Ulaya.

Kwa hiyo piga ukubwa wa tukio, piga waokoaji, piga gari na barabara ilivyo maana hiyo inaweza kusaidia hata uchunguzi. Uso wa marehemu usipige. Namba ya gari usirushe kwenye magrupu kabla familia hazijaambiwa, mama yupo jikoni anapokea picha ya daladala aliyopanda mwanae, huyo mama hatosahau, na wewe ndo umemfanyia hivyo.

Msibani ni hivyo hivyo, muone msemaji wa familia kwanza, uliza kama wanataka kuaga kupigwe picha, wengine wanataka kabisa kwa ajili ya ndugu walio nje ya nchi na wengine hawataki hata kidogo. Tumia lenzi ya mbali, zima sauti ya kamera na fleshi.

Kijana wa Mbeya: Mteja amechukua picha hataki kumalizia hela.

Siku nyingine nusu kabla ya tarehe, inayobaki siku ya harusi kabla ya keki, picha zikitoka deni lisiwepo. Andika karatasi moja tu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, picha zinatoka lini, na kama unaruhusiwa kuziposti. Kwa huyu wa sasa mpigie mwenyekiti wa kamati, mara nyingi hela ilitengwa ikaliwa njiani.

Kaka wa Unguja: Lenzi zangu zinaota fangasi kila mwaka.

Unyevu wa bahari huo. Usiziache kwenye begi la ngozi wala kabatini gizani. Nunua kontena la plastiki linaloziba kabisa, tia pakiti za silika jeli na kipima unyevu kidogo, hakikisha iko kati ya asilimia 40 na 50, jeli ikilowa kausha kwenye oveni urudishe. Ukitoka chumba cha eisii (AC) kwenda nje acha begi limefungwa kama nusu saa hivi, la sivyo mvuke unaganda kwenye kioo mpaka ndani. Na upo kwenye mji wa Capital Art Studio, Ranchhod Oza aliifungua 1930 na picha zake za Zanzibar ya zamani bado watu wanazinunua mpaka leo, kwa hiyo kutunza kwenye joto lile inawezekana.

Dada wa Kigoma: Naenda kijijini kumpiga bibi picha, nina simu tu. Nifanyeje itoke nzuri?

Simu inatosha dada. Futa kioo cha kamera kwanza kwa kitambaa safi, nusu ya ubaya wa picha za simu ni mafuta ya vidole. Mkalishe mlangoni, yeye ndani kidogo ya kivuli akitazama nje, wewe uwe nje, jua la saa sita usimtoe nalo kabisa. Gusa uso wake kwenye skrini, shusha mwanga kidogo kama unapauka. Usizuum, sogea. Muache avae anachotaka yeye, na muulize kitu anachokipenda kukizungumzia alafu piga akiwa anaongea, wazee wetu ukiwaambia tulia wanakaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho.

Ukirudi chapisha, usiiache kwenye simu. Inchi 8 kwa 10 inataka pikseli 2400 kwa 3000, simu nyingi za sasa zinafika bila shida ilimradi umepeleka faili lenyewe. Chapisha mbili, moja umrudishie bibi, na nyuma ya zote andika kwa penseli laini jina lake kamili, jina la kijiji na mwaka. Na kama ana picha za zamani kwenye sanduku mwombe akutajie waliomo mmoja mmoja huku unamrekodi.